Kamera za Stratford na barabara za nyumbani: nani anamtazama nani?

Mtu anayetoka katika kituo cha treni cha Stratford, mashariki mwa London, na kuvuka barabara kuelekea jengo la maduka la Stratford Centre, yumo katika eneo linalotazamwa na kamera za aina mbili.

Za kwanza ni kamera za msongamano wa magari. Zimewekwa na Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, katika barabara kuu zikiwemo zile zinazoingia mashariki mwa jiji. Huonyesha mabasi mekundu, teksi, na malori yanayojikongoja kuelekea njia ya Blackwall inayopita chini ya mto Thames. Picha hizo ziko wazi kwa watu wote. Aliyeko Stratford huziona, na aliyeko Mwanza huziona vilevile, pasipo kulipa wala kuomba idhini ya mtu.

Za pili hazipo kila siku. Huletwa na gari la polisi, hufanya kazi kwa saa kadhaa, kisha huondoka. Kazi yake ni kupima nyuso za wapita njia na kuzilinganisha na orodha ya watu wanaotafutwa. Picha za kamera hizo huonwa na polisi peke yao.

Wasomali, Waganda, Wakongo, Wakenya na Watanzania wanaoishi mashariki mwa London hupita mbele ya kamera hizo zote mbili. Lakini suala hili haliishii London. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, serikali za Kenya na Uganda zimetumia mamilioni ya dola kuweka kamera katika barabara za miji yao mikuu, na kamera walizozichagua zimefuata mfano wa pili wa Stratford. Mfano wa kwanza, ambapo raia hufunguliwa dirisha akaiona barabara iliyojengwa kwa kodi yake, haujapata mtetezi serikalini.

Birika lililotazamwa na dunia

Historia ya kamera za mtandaoni ilianza kwa jambo la mzaha. Mwaka 1991, watafiti wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge walichoshwa na kutembea hadi chumba kingine na kukuta birika la kahawa halina kitu. Wakaielekeza kamera kwenye birika na kuunganisha picha yake na kompyuta zao za ofisini. Novemba 1993 picha hiyo iliwekwa katika mtandao wa dunia, na watu wa mabara yote wakawa wanatazama kama kahawa ya Cambridge imekwisha au la. Kamera hiyo ilizimwa Agosti 2001, na kuzimwa kwake kukawa habari ya magazeti.

Kutoka kwenye birika, kamera zilihamia kwenye fukwe, bandari, viwanja na barabara. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, kamera ya barabarani ikawa chombo cha kawaida cha mkaaji wa mji. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku, au mtu wa usafi anayepaswa kuwa kazini kabla ya jua kuchomoza, hutazama kwanza kama kipilefti cha Bow kimeziba ndipo achague basi au treni. Picha zenyewe si nzuri. Ubora wake ni wa chini, kiasi kwamba basi linaonekana ni basi, lakini sura ya abiria aliyeketi dirishani haisomeki. Katika kazi ya namna hii, udhaifu huo wa picha ni kinga kwa mpita njia.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi mara nyingi. Mamlaka inapotangaza kwamba barabara imefunguliwa, ama kwamba taa zimetengenezwa, raia anaweza kuhakikisha kwa macho yake. Anayetoa habari na anayeipokea wanatazama kitu kimoja.

Mtaa wa majaribio

Stratford imo katika manispaa ya Newham, na Newham imekuwa uwanja wa majaribio ya kamera kwa muda mrefu kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Uingereza. Mwaka 1998 manispaa hiyo iliunganisha kamera zake za mitaani na programu ya kutambua sura iliyotengenezwa Marekani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mfumo huo kutumiwa mahali pa wazi nchini humo. Wakuu wa manispaa waliusifu wakisema uhalifu umepungua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, gazeti la The Guardian liliripoti kwamba mfumo huo ulikuwa haujamtambua mtaani hata mtu mmoja aliyekuwemo katika orodha yake.

Kisha ukaja mwaka 2012, na Stratford ikageuka kuwa mahali panapotazamwa na dunia nzima kwa sababu ya furaha. Ni katika uwanja wa Olimpiki uliojengwa hapo ambapo David Rudisha wa Kenya alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 tarehe 9 Agosti, akaweka rekodi mpya ya dunia, na ambapo Mo Farah, mzaliwa wa Somalia, aliipatia Uingereza medali mbili za dhahabu. Katika kipindi hicho kifupi, kijana wa Kiafrika aliyeonekana katika kamera ya Stratford alikuwa shujaa.

Miaka sita baadaye polisi wa London walirejea hapo hapo na mitambo mipya. Majaribio ya mwaka 2018 yalifanyika karibu na kituo cha treni, katika njia inayokwenda kwenye maduka ya Westfield. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Essex, Pete Fussey na Daragh Murray, walifuatilia baadhi ya majaribio ya London na kutoa ripoti yao Julai 2019. Katika mara 42 ambazo mtambo ulidai kumtambua mtu, walisema, ni mara 8 tu zilizoweza kuthibitishwa kuwa sahihi. Hata hivyo, Januari 2020 polisi walitangaza kwamba kipindi cha majaribio kimekwisha na kazi rasmi inaanza. Tarehe 11 Februari mwaka huo kazi hiyo ilianzia nje ya Stratford Centre. Wiki mbili baadaye, katika eneo la Oxford Circus, mtambo uliwapima watu wapatao 8,600. Ulitoa ishara mara 8, na 7 kati ya hizo zilikuwa za makosa.

Kwa nini Stratford? Polisi husema huchagua mahali kwa kufuata takwimu za uhalifu. Wakosoaji hujibu kwa kutaja takwimu za wakazi. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, zaidi ya theluthi mbili ya watu wa Newham si Wazungu. Na hapo linaingia jina la mwanamke aliyezaliwa Addis Ababa. Mwaka 2018 Timnit Gebru, akishirikiana na Joy Buolamwini wa taasisi ya MIT ya Marekani, alichapisha utafiti kuhusu programu za kampuni kubwa zinazoainisha jinsia ya mtu kwa kutazama sura yake. Kwa wanaume weupe, makosa hayakufika asilimia moja. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu moja ilikosea kwa takriban asilimia 35. Utafiti huo ulihusu kuainisha sura, wala haukuwa juu ya kumsaka mtu katika orodha. Lakini ulionyesha kwamba mashine hujifunza kutokana na picha inazopewa, na kwamba waliozipa picha hawakuwa na jamaa wengi wenye sura za Mogadishu au Gulu.

Haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Uchunguzi wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, uliotolewa mwaka 2023, ulisema kwamba mtambo wa polisi ukiwekwa katika kiwango fulani cha uangalifu hauonyeshi tofauti kubwa ya makosa baina ya watu wa rangi mbalimbali. Polisi wanaeleza kwamba alama za sura za wasiohusika hufutwa papo hapo, na kwamba wamewakamata watuhumiwa wa makosa mazito ambao wasingepatikana kwa njia nyingine. Si jambo dogo hilo kwa mama wa Newham aliyepoteza mtoto kwa kisu.

Hata hivyo, Januari 2023 madiwani wa Newham walipitisha kwa kauli moja azimio la kutaka mitambo hiyo isitumiwe katika eneo lao hadi kanuni na kinga za kutosha ziwepo. Azimio hilo liliishia kuwa ombi. Polisi wa London hawawajibiki kwa manispaa. Wao wako chini ya Meya wa jiji na Waziri wa Mambo ya Ndani, na diwani wa Stratford hana uwezo wa kuliamuru gari la polisi liondoke mbele ya duka la mpiga kura wake. Na hadi mwaka 2025 Bunge la Uingereza lilikuwa halijatunga sheria moja mahsusi ya kutawala teknolojia hiyo.

Dirisha lililofunguliwa Nairobi

Kenya ilipata kuwa na dirisha lake. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya huduma za intaneti ya AccessKenya ilielekeza kamera kwenye baadhi ya makutano ya barabara jijini Nairobi na kuziweka picha katika tovuti. Mkaaji wa jiji aliweza, kabla hajatoka ofisini, kutazama foleni imefika wapi. Mkenya aliyeko ughaibuni naye aliweza kuona mvua ya Nairobi ikinyesha juu ya matatu, jambo ambalo halina faida ya kiuchumi lakini lina thamani yake kwa mtu aliye mbali na kwao.

Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya IBM walizichukua picha za kamera hizo katika mradi ulioitwa Twende Twende. Kamera zilikuwa chache na picha zake hafifu. Watafiti wakatunga programu ya kuhesabu magari katika picha hizo na kukadiria hali ya barabara zisizo na kamera, kisha dereva akapewa ushauri kwa simu yake ya mkononi. Karibu na wakati huo ulianzishwa pia mtandao wa Ma3Route, ambamo abiria na madereva wenyewe hupashana habari za foleni na ajali. Kwa ufupi, Wakenya walikwisha kuthibitisha kwamba kamera ya barabarani inaweza kuwa mali ya umma, kwa gharama ndogo, katika mji wenye umeme wa kukatika na magari yasiyofuata mistari.

Kilichobadili mkondo ni shambulio la Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013 wapiganaji wa al-Shabaab waliingia katika jengo hilo la maduka, na watu 67 wakauawa. Mwaka uliofuata serikali ilitia saini na kampuni ya Safaricom mkataba wa shilingi bilioni 14.9 za Kenya kwa ajili ya mfumo wa mawasiliano na ulinzi, wenye kamera zipatazo 1,800 katika Nairobi na Mombasa. Mitambo ilitoka kampuni ya Huawei ya China. Bungeni palikuwa na mabishano juu ya zabuni, lakini mabishano yalihusu bei na utaratibu. Swali la nani atakayeruhusiwa kuziona picha halikupewa nafasi.

Na ilikuwa imepatikana sababu nzuri ya kuliuliza. Baada ya shambulio lile, kamera za ndani ya Westgate, ambazo hazikuwa mali ya serikali, ziliwaonyesha wanajeshi wakitoka madukani na mifuko ya plastiki. Mkuu wa majeshi alisema kwanza kwamba mifuko hiyo ilikuwa na maji ya kunywa. Baadaye mwezi huo wa Oktoba ilitangazwa kwamba wanajeshi wawili wamefukuzwa kazi na kufungwa. Laiti kamera zile zingekuwa mikononi mwa jeshi, habari ingeishia kwenye maji.

Kampala: kamera mbili, ushahidi tofauti

Nchini Uganda chanzo kilikuwa kifo cha mtu mmoja. Machi 2017, Andrew Felix Kaweesi, ofisa wa ngazi ya juu na msemaji wa polisi, alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake pamoja na mlinzi na dereva wake. Rais Yoweri Museveni aliagiza kamera ziwekwe katika miji na barabara kuu. Mradi huo, uliopewa Huawei, uligharimu dola milioni 126, na polisi walithibitisha kwamba una uwezo wa kutambua sura.

Novemba 2020 uwezo huo ulitumiwa kwa namna iliyowashtua wengi. Mgombea wa urais Robert Kyagulanyi, maarufu Bobi Wine, alikamatwa akiwa katika kampeni, ghasia zikazuka Kampala na kwingineko, na watu wasiopungua 54 wakapoteza maisha. Mamia walikamatwa. Polisi walieleza kwamba kamera zinazosoma sura na namba za magari zilisaidia kuwapata washukiwa.

Lakini barabara zile zile zilikuwa zimerekodiwa na macho mengine. Mwaka 2021 waandishi wa uchunguzi wa BBC walikusanya mamia ya picha za video zilizochukuliwa kwa simu na watu waliokuwa madirishani, madukani na juu ya maghorofa, wakazipanga kwa saa na kwa mahali. Picha hizo zilifuatilia gari moja la doria la polisi lililopita barabarani huku watu waliokuwa kando ya njia wakipigwa risasi. Mfumo wa dola milioni 126 uliwatambua waandamanaji. Simu za wananchi ndizo zilizolitambua gari.

Pwani ya watalii na pwani ya wenyeji

Anayetaka kuiona Afrika Mashariki moja kwa moja akiwa Stratford hakosi cha kutazama. Ipo kamera ya Mpala huko Laikipia, inayoonyesha viboko na tembo wanaokuja kunywa maji. Zipo kamera za mahoteli katika fukwe za Zanzibar na za Kenya, ambamo mtu huona mchanga mweupe, vitanda vya watalii, na ngalawa ikipita kwa mbali kama iliyokodiwa kwa ajili ya picha. Hakuna ubaya katika hayo. Mwenye hoteli huonyesha anachouza.

Ila pwani ya wenyeji haimo. Mtu wa Mombasa hakai kwenye vitanda vile. Pwani yake ni kivuko cha Likoni, ambacho kwa makadirio yaliyozoeleka huvusha watu wapatao laki tatu kwa siku. Pwani ya mtu wa Unguja ni Forodhani, bandari ya Malindi na soko la Darajani.

Likoni inastahili kutazamwa kwa undani zaidi, kwa kuwa ndipo inapoonekana tofauti ya kuona na kutoona. Tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikivuka katika kivuko jirani cha Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Taifa lilizijua habari hizo kwa redio na kwa kuhesabu maiti. Lawama zilitolewa, lakini hakuna aliyekuwa na picha ya abiria walivyojazana kabla feri haijang'oa nanga.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya mkondo wa Likoni na kuzama likiwa na mama na binti yake mdogo. Safari hii kila mtu aliona. Abiria walirekodi kwa simu, na kabla ya usiku kwisha picha zilikuwa zimefika Uingereza, Marekani na Ghuba. Watu waliona kwamba mlango wa feri haukuwa umeinuliwa vya kutosha, wakaona pia kwamba hakuna mwokozi aliyejitupa majini. Kwa siku 13 gari halikuopolewa, na kila siku iliyopita picha ile ilirudiwa katika simu za watu na maswali yakaulizwa upya. Serikali ilileta wazamiaji wa jeshi la majini na wa watu binafsi mbele ya macho ya nchi nzima. Kuona hakukuwaokoa marehemu. Lakini kuliwanyima wahusika nafasi ya kusema kwamba feri ilikuwa salama.

Zanzibar nayo ilipata yake. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, lililokuwa na mnara wa saa ulioonekana tangu meli ikiwa mbali baharini, liliporomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Lilikuwa miongoni mwa majengo ya Mji Mkongwe yaliyopigwa picha sana. Hata hivyo waliokuwa ng'ambo waliujua mkasa huo kwa picha za simu za wapita njia, zilizotumwa kutoka kwa ndugu kwenda kwa ndugu, kwa muda wa saa kadhaa, huku wengine wakibisha kwamba ni picha za uongo.

Siku ambazo dirisha hufungwa

Kipimo cha kamera ni siku ya matata. Tarehe 25 Juni 2025, Wakenya walipoandamana kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliziamuru redio na televisheni zisitishe matangazo ya moja kwa moja kutoka barabarani. Mitambo ya baadhi ya vituo ilizimwa. Mahakama Kuu iliingilia kati na kusimamisha amri hiyo. Amri hiyo haikuzigusa kamera za serikali za Nairobi. Zilizozimwa ni zile ambazo raia anaweza kuzitazama.

Wiki chache kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa imepata somo jingine. Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mitandaoni, alifariki dunia akiwa mikononi mwa polisi katika kituo kikuu cha Nairobi mnamo Juni 2025. Polisi walisema awali kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulikanusha. Kituo kilikuwa na kamera, lakini IPOA, chombo huru kinachosimamia mwenendo wa polisi, kililiambia Baraza la Seneti kwamba mitambo ya kuhifadhi picha ilikuwa imechezewa. Watu sita walishtakiwa kwa mauaji. Kamera ilikuwepo, umeme ulikuwepo, na picha hazikupatikana.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, maandamano yalipozuka Dar es Salaam na miji mingine, intaneti ilizimwa nchini na haikurejea kwa siku kadhaa. Watanzania wa Uingereza, Oman na Marekani walipiga simu zisizopokelewa, wakatazama ramani za Ubungo na Kimara zisizobadilika. Mawasiliano yaliporejea, polisi walituma ujumbe kwa simu za wananchi wakiwaonya wasisambaze picha na video za kuzua taharuki. Waliokuwa wamerekodi walilazimika kuchagua baina ya kuhifadhi na kufuta. Uganda nayo ilikuwa imekwisha kuonyesha njia hiyo Januari 2021, ilipokata intaneti usiku wa kuamkia uchaguzi na kuiacha imekatika kwa siku tano.

Serikali hizo hutetea hatua zao kwa hoja ya usalama, na hoja hiyo haina budi kujibiwa kwa uzito wake. Ugaidi upo, na eneo hili limezika watu wengi kwa ajili yake. Picha ya moja kwa moja yaweza pia kumsaidia mshambuliaji kujua askari wako wapi. Lakini hoja hiyo ingetosha kama kamera zilizofichwa zingekuwa zimeleta matunda ya wazi. Raia wa Nairobi na Kampala hawajawekewa mezani hesabu ya kila mwaka inayoonyesha kamera ngapi zinafanya kazi, zimesaidia kesi ngapi, na nani aliomba picha akapewa. Polisi wa London, pamoja na kasoro zao zote, hutangaza kila baada ya zoezi ni nyuso ngapi zimepimwa, ishara ngapi zimetolewa na ngapi zilikuwa za makosa. Ndiyo maana zile ishara 7 za Oxford Circus zinajulikana.

Sheria zimeanza kuwepo. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania ikafuata mwaka 2022. Zote zinampa mtu haki ya kuomba taarifa zinazomhusu, na zote zimewaachia wakuu wa usalama mlango wa kutokea. Nchini Uingereza mtu aliyeonekana katika kamera ya dukani au ya manispaa anaweza kuandika barua akaomba picha yake, na kwa kawaida anatakiwa ajibiwe ndani ya mwezi mmoja. Mkaaji wa Nairobi aliyegongwa na gari chini ya kamera ya serikali, kabla ya kuomba, anapaswa kwanza ajue aandike kwa nani: polisi, wizara, au kampuni iliyojenga mfumo.

Kitaalamu, kugawa picha hizo katika mafungu mawili hakuna ugumu. Kamera moja yaweza kutoa picha kali kwa chumba cha polisi na picha hafifu, isiyosoma sura wala namba ya gari, kwa tovuti ya umma. Kilicholetwa na AccessKenya kwa kamera chache kingeweza kuletwa na kamera 1,800, na abiria wa Thika Road akajua kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kama ni heri atembee. Hadi hapo patakapokuwa na agizo la namna hiyo, anayetaka kujua foleni ya Likoni imefika wapi, awe Stratford au awe Mtongwe, hupiga simu kwa mtu aliyekwisha kusimama ndani yake.